Mkeka Sakafuni, Mkeka Ukutani: Kazi Ndogo za Sanaa za Kisiwa cha Mafia katika Historia ya Maonyesho ya Sanaa Tanzania

1.0 Utangulizi

Historia ya maonyesho ya sanaa nchini Tanzania kwa kawaida huandikwa kwa kufuata kumbi. Mwandishi huanza na ukumbi mmoja, hueleza nani aliuanzisha na mwaka gani, huwataja wachoraji na wachongaji walioweka kazi zao humo, kisha huhamia ukumbi unaofuata. Utaratibu huu una manufaa yake, kwa kuwa ukumbi huacha kumbukumbu: tarehe za ufunguzi, orodha za kazi, bei, na majina ya wasanii. Hata hivyo, utaratibu huo una kasoro ya msingi. Mahali pasipo na ukumbi huhesabiwa kuwa hapana onyesho, na pasipo na onyesho huhesabiwa kuwa hapana msanii. Kwa namna hiyo, historia ya sanaa ya nchi nzima hugeuka kuwa historia ya mitaa michache ya Dar es Salaam.

Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa kukitazama Kisiwa cha Mafia, kilichoko mkabala na delta ya mto Rufiji katika Mkoa wa Pwani. Wilaya ya Mafia, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na watu 46,438, inajumuisha kisiwa kikuu pamoja na visiwa vidogo, vikiwemo Chole, Juani na Jibondo. Kisiwa hiki kinatajwa sana katika maandiko ya akiolojia, anthropolojia na uhifadhi wa bahari, lakini hakitajwi katika maandiko ya historia ya sanaa. Ilhali wakazi wake, hususan wanawake, wamekuwa wakitengeneza vitu vyenye nakshi na ustadi wa hali ya juu, na wamekuwa wakivionyesha mbele ya watu wanaojua kuvihukumu.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kutokuwemo kwa Mafia katika historia hiyo hakutokani na upungufu wa sanaa wala wa maonyesho. Kunatokana na tafsiri finyu ya neno onyesho, iliyoambatana na dhana nyingine mbili: kwamba kazi ya sanaa ni lazima iwe na jina la mtu mmoja, na kwamba udogo wa kazi ni dalili ya udogo wa thamani. Makala yanaanza na istilahi, yanapitia historia ya kumbi, yanaieleza hali ya Mafia, kisha yanajadili nini hutokea kazi inapoondolewa sakafuni na kutundikwa ukutani.

2.0 Sanaa, Ufundi na Onyesho: Suala la Istilahi

Neno sanaa, lenye asili ya Kiarabu, liliingia katika Kiswahili likiwa na maana ya kazi iliyofanywa kwa ustadi wa mikono. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 inaliunganisha neno hilo na ufundi wa mikono pamoja na kazi ya uzuri, bila ya kutenga kimoja na kingine. Katika matumizi hayo, mtu aliyechonga mlango, aliyefua fedha, aliyeunda chombo au aliyesuka mkeka alistahili kuhesabiwa katika kundi moja. Heshima ilibebwa na neno fundi, na mpaka leo katika pwani neno hilo hutumika kwa mwashi, mshonaji na mganga vilevile.

Mgawanyo wa baadaye ulikuja pamoja na taasisi. Baada ya uhuru, lugha ya utawala ilihitaji majina ya idara na vitengo, na ndipo zilipoenea istilahi mbili: sanaa za ufundi, kwa maana ya uchoraji, uchongaji na mfano wa hayo; na sanaa za maonyesho, kwa maana ya ngoma, tamthilia na michezo ya jukwaani. Mgawanyo huo una jambo la kuzingatiwa. Neno maonyesho lilipewa sanaa zinazotendwa na mwili mbele ya watu, wakati kazi za ufundi zilibaki zikisubiri kupelekwa kwenye maonyesho mengine, yaani yale ya ukumbini au ya uwanja wa biashara. Mkeka unaosukwa barazani na kutandikwa harusini haukupata nafasi ya wazi katika kundi lolote. Kwa afisa utamaduni ulikuwa kitu cha matumizi. Kwa afisa biashara ulikuwa kazi ya mikono.

Istilahi ya tatu, kazi za mikono, ndiyo iliyobeba uzito mkubwa zaidi kwa wanawake. Kwa maneno yake haina dharau yoyote, kwa sababu hakuna sanaa ya ufundi isiyofanywa kwa mikono. Lakini katika matumizi ya kiofisi imekuja kumaanisha bidhaa ndogo isiyo na mwandishi, inayohesabiwa kwa idadi na kuuzwa kwa bei ya jumla. Kuanzia hapo, swali la nani ni msanii lilikuwa limeshajibiwa kabla hata ya kazi yenyewe kutazamwa.

3.0 Ukumbi na Historia Yake

Katika Afrika Mashariki, desturi ya kuwakusanya watazamaji ndani ya chumba ili watazame kazi za wasanii wenyeji zilizopangwa kwa ajili ya kutazamwa tu ina historia fupi. Mfano wa mapema unaotajwa mara nyingi ni ule wa wanafunzi wa Margaret Trowell wa Makerere, ambao kazi zao zilionyeshwa Namirembe, Kampala, mwaka 1938, na mwaka uliofuata zikapelekwa London. Kutoka katika chuo hicho alitokea Sam Ntiro, Mtanganyika aliyezaliwa Machame, ambaye mchoro wake mmoja ulinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960. Dar es Salaam ilifunguliwa makumbusho mwaka 1940, kwa jina la ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, ambayo baadaye yakawa Makumbusho ya Taifa.

Uhuru uliongeza kasi. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 ilifunguliwa Makumbusho ya Kijiji katika eneo la Dar es Salaam ambalo sasa linaitwa Makumbusho. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt alianzisha Nyumba ya Sanaa, ambayo jengo lake lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1983. George Lilanga, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wasanii mashuhuri wa nchi, aliingia hapo kama mlinzi kabla ya kazi zake kutambuliwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973, na Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, maarufu kama Sabasaba, yalianza mwaka 1977. Katika karne hii yamefuata maonyesho ya miaka miwili miwili ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 2003, pamoja na Nafasi Art Space iliyoanzishwa mwaka 2008.

Katika mfululizo huo, tukio linalohusika zaidi na makala haya ni la Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968. Tingatinga alitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, yaani mbao za kushindiliwa zilizotumika katika ujenzi. Vipande vyake vingi vilikuwa vya mraba, takribani futi mbili kwa mbili, na kazi zake ziliuzwa nje ya duka lililoko Oyster Bay. Hapakuwa na ukumbi. Palikuwa na kibaraza, wapita njia, na wageni waliokuwa wakinunua mboga na mikate. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi na ndugu zake waliendeleza mtindo huo na hatimaye wakajiunga katika ushirika.

Mambo mawili katika historia hiyo yanapaswa kusisitizwa. Kwanza, ukubwa wa kazi za Tingatinga ulitokana na nyenzo na soko: hadibodi iligawika vizuri katika vipande vya mraba, na mnunuzi aliyekuwa akirejea kwao alihitaji kitu kinachoingia katika sanduku. Udogo huo haukuzuia kazi hizo kuitwa sanaa. Pili, kazi hizo zilitiwa saini. Jina lililoandikwa pembeni mwa picha ndilo lililoiwezesha historia kumshika mtu huyu, kumpa tarehe, na kuutenga mkono wake na mikono ya wanafunzi wake. Mahali pa kuonyeshea palikuwa duni na kazi zilikuwa ndogo. Bado jina lilitosha kuzivusha. Hapa ndipo tofauti na Mafia inapoanzia.

4.0 Mafia: Kazi na Mahali pa Kuonyeshea

4.1 Muktadha wa Kihistoria

Mafia si pembezoni kwa asili yake. Magofu ya Kisimani, ambayo Neville Chittick aliyachimba, na yale ya Kua katika kisiwa cha Juani, yanathibitisha kuwa visiwa hivi vilikuwa sehemu ya mtandao wa miji ya Waswahili uliounganisha Kilwa, Zanzibar na ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kua ilishambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya hapo Chole ikawa kituo kikuu. Chini ya utawala wa masultani wa Kiomani yalipanuka mashamba ya minazi yaliyotegemea kazi ya watumwa. Kwa mkataba wa mwaka 1890 Mafia iliingia mikononi mwa Wajerumani, na mwaka 1915 iliteuliwa na Waingereza kuwa kambi ya mapambano dhidi ya manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, baada ya kisiwa kutekwa Januari ya mwaka huo.

Mabadiliko hayo yalikihamisha kitovu cha mamlaka kutoka kisiwani kwenda Zanzibar, kisha Dar es Salaam. Taasisi za utamaduni zilizojengwa baada ya uhuru zilifuata mkondo huo huo. Kwa hiyo, Mafia iligeuka kuwa pembezoni kwa sababu za kiutawala, na historia ya sanaa iliichukua hali hiyo kana kwamba ni ya kimaumbile.

Maandiko ya kina zaidi kuhusu maisha ya kila siku kisiwani ni ya mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kurejea mara kadhaa katika miongo iliyofuata. Maandiko yake yanaonyesha jambo muhimu kwa hoja yetu: mume na mke hawachanganyi mali, na mwanamke huwa na minazi yake na kipato chake. Usukaji wa mikeka ni sehemu ya uchumi huo wa mwanamke. Mkeka, kwa maana hiyo, ni kazi yenye mmiliki anayejulikana tangu ukindu ulipokatwa.

4.2 Kazi ya Mkeka

Mkeka wa pwani hausukwi wote kwa pamoja. Makuti machanga ya mkindu hukatwa, hukaushwa juani, na huchanwa kuwa chane nyembamba za upana unaolingana. Chane zinazotakiwa kuwa na rangi hutiwa katika maji ya moto yenye rangi, kisha huanikwa. Baada ya hapo husukwa ukili, yaani utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, unaoweza kufika urefu wa pima nyingi. Ukili ukikamilika hushonwa kwa kuzungushwa, ukingo kwa ukingo, mpaka upatikane upana unaohitajika, na mwisho hutiwa pindo. Kwa njia hiyo hupatikana mkeka wa kulalia, msala wa kuswalia, na vitu vidogo kama kawa na vikapu. Jamvi, ambalo ni kubwa na gumu zaidi, husukwa kwa miyaa.

Maelezo haya ya kiufundi yana umuhimu wa kinadharia. Kwa kuwa nakshi husukwa ndani ya ukili kabla ya mkeka kuwepo, msukaji hulazimika kuupanga mkeka mzima kichwani. Ni lazima ajue kwamba rangi aliyoiingiza leo itakutana na rangi atakayoiingiza baada ya majuma kadhaa, pale ukili utakapogeuzwa na kushonwa. Mchoraji huona picha nzima kila anapoinua macho. Msukaji huiona siku ya kushona. Hakuna sababu ya kitaaluma ya kuuita upangaji wa namna hii kazi ya mikono tu, huku upangaji wa mchoraji ukiitwa ubunifu.

Aidha, kazi hii ina vigezo vyake vya uhakiki. Anayejua mikeka hutazama kama chane zina upana mmoja, kama ukili umekazwa sawasawa, kama nakshi zinakutana penye mshono au zimepishana, kama rangi imetulia au imechuja, na kama pindo limenyooka. Kisha huugeuza mkeka na kuutazama upande wa chini. Vigezo hivi si vya mnunuzi mgeni. Ni vya wasukaji wenyewe, na ndivyo vinavyomfanya msukaji mmoja asifiwe na mwingine asemwe.

4.3 Sakafu kama Mahali pa Kuonyeshea

Mkeka hutazamwa wapi? Katika mila za pwani huonekana hadharani pale mgeni anapotandikiwa, pale vitu vya bibi harusi vinapopangwa, pale watu wanapokaa kwa maulidi, hitima au matanga, na pale msala unapotandikwa kwa swala. Katika matukio haya watazamaji hawapiti mbele ya kazi wakiwa wamesimama. Huvua viatu na kuketi juu yake. Huigusa kwa viganja wakati mazungumzo yakiendelea. Wanawake waliosuka na wasiosuka huketi pamoja, na wenye jicho hutambua ukili wa nani umefika hapo.

Lugha yenyewe imehifadhi nafasi hii ya mkeka kama uwanja wa watu. Kikao kinapomalizika husemwa kwamba watu wamekunja jamvi. Mtu anayekaliwa na kila mpitaji huitwa jamvi la wageni. Hata katika Kiswahili cha mitaani cha siku hizi, orodha ya walioteuliwa katika vyeo, inayosubiriwa na wengi, huitwa mkeka. Semi hizi zinaashiria kwamba katika fikra za Waswahili kutandika ni kuweka jambo mbele ya watu.

4.4 Chombo Kinaposhuliwa

Mfano wa pili ni wa wanaume. Chole na visiwa jirani vina mafundi wa kuunda vyombo vya mbao, ambao hujenga mashua na majahazi kwa kipimo cha jicho na mazoea, bila ya michoro ya karatasini. Chombo huundwa ufukoni, mahali ambapo kila mpita njia huona hatua zake kuanzia mkuku hadi mbao za mwisho na kalafati. Siku ya kukishua, watu hukusanyika kukivuta majini, na hukumu juu ya fundi hutolewa papo hapo: kimekaa sawa au kimelala upande, kinavuja au hakivuji.

Ulinganisho huu unaonyesha pengo la kijinsia. Fundi wa chombo hujulikana kwa jina, na jina lake huambatana na chombo kinapokwenda bandari nyingine. Jina la msukaji hujulikana kijijini, lakini mkeka wake unapopakiwa kwenda Dar es Salaam au Zanzibar huwa mkeka wa Mafia tu. Kazi zote mbili zimeonyeshwa hadharani na zote mbili zimehukumiwa na wajuzi. Tofauti ni kwamba jina moja husafiri na jingine hubaki.

5.0 Mjadala

5.1 Je, Kila Kinachotandikwa ni Onyesho?

Pingamizi la wazi ni kwamba, tukiuita mkeka wa harusini onyesho, basi kila kitu kinachoonekana na mtu kitakuwa onyesho, na neno litapoteza maana. Pingamizi hili lina nguvu na linahitaji jibu lenye mipaka. Makala haya yanapendekeza masharti matatu. Kwanza, kazi iwe imewekwa kwa makusudi ili ionekane, pamoja na matumizi mengine yaliyopo. Pili, wawepo watazamaji wenye ujuzi wa kuihukumu kwa vigezo wanavyovishiriki. Tatu, hukumu hiyo iwe na athari kwa aliyeitengeneza, iwe katika sifa, katika bei, au katika kuagizwa kazi nyingine.

Kwa masharti haya, mkeka uliotandikwa chumbani kwa ajili ya kulala si onyesho, hata kama ni mzuri. Mkeka mpya uliotandikwa kwa ajili ya wageni wa harusi ni onyesho. Vilevile, chombo kilichotia nanga si onyesho, bali chombo kinachoshuliwa ni onyesho. Jambo la kushangaza ni kwamba baadhi ya maonyesho ya ukumbini hayatimizi masharti haya kwa ukamilifu. Pale ambapo vikapu na mikeka ya pwani hupangwa mezani mbele ya wageni wasiojua ukili ni nini, na msukaji asijulishwe kilichosemwa, sharti la pili na la tatu huwa yamekosekana. Kuna chumba, kuna kazi, lakini hakuna uhakiki.

5.2 Udogo na Sababu Zake

Suala la ukubwa linahitaji kutazamwa kihistoria. Kazi huwa ndogo kwa sababu mbalimbali. Kawa ni dogo kwa kuwa sahani ni ndogo. Msala hutosha mtu mmoja kwa kuwa anayesujudu ni mmoja. Huo ni udogo unaotokana na mwili na matumizi. Lakini upo udogo mwingine unaotokana na usafiri. Tangu kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, kisiwa kimepokea wageni wanaokuja kuzamia miambani na kumtazama papa potwe. Wengi wao hufika kwa ndege ndogo ambazo zina kikomo cha uzito wa mizigo. Mgeni wa namna hiyo hawezi kubeba mkeka wa kutandika chumba kizima. Huweza kubeba kikapu, kipepeo, au mkeka mdogo wa mezani.

Hali hii inafanana na ile ya hadibodi za Oyster Bay, na haipaswi kulaumiwa kwa haraka. Soko liliibana picha ya Tingatinga, na ndani ya kibano hicho kukazaliwa mtindo. Hata hivyo, ipo tofauti. Mchoraji anapopunguza ukubwa, utaratibu wa kazi hubaki uleule. Msukaji anapopunguza mkeka hadi upana wa sahani, kili hazikutani tena mara nyingi, na ule ujuzi wa kupanga nakshi kupitia mishono mingi hauhitajiki. Kinachopungua ni sehemu ya elimu yenyewe. Binti anayejifunza kwa kusuka vitu vidogo tu anaweza kuwa hodari wa ukili bila ya kuujua mkeka.

Wakati huo huo, mikeka ya plastiki inayotoka viwandani imechukua nafasi ya mikeka ya ukindu katika nyumba nyingi za pwani. Ni nafuu, huoshwa kwa maji, na haichakai haraka. Soko la ndani linapungukiwa na haja ya mkeka mkubwa, na soko la wageni linahitaji mdogo. Kati ya masoko haya mawili, mkeka kamili wa nakshi unabaki na mahali pachache pa kwenda.

5.3 Ukutani

Katika mazingira hayo, pendekezo la kuipeleka mikeka ukumbini na kuitundika linaonekana kuwa la kiungwana. Kutundika huipa kazi nuru, umbali na ukimya, na humlazimisha mtazamaji kuitazama kama picha. Mkeka uliotundikwa huondolewa katika kundi la bidhaa. Lakini kuna vinavyopotea. Upande wa chini, ambao ndio unaofichua ustadi, hugeukia ukuta. Mguso hukatazwa. Na hukumu ya kundi lililoketi hugeuka kuwa maoni ya mtu mmoja aliyesimama.

Uchunguzi huu haukatai ukuta. Unakataa kuufanya ukuta kuwa sharti. Onyesho linaloweza kufanyika Kilindoni, katika shule au ofisi ya kata, linaweza kutandika mikeka chini, kuwaalika wasukaji kutoka vijiji mbalimbali kuketi juu yake, na kuwaachia wahukumu kwa vigezo vyao huku maneno yao yakirekodiwa. Onyesho la namna hiyo lingekuwa na gharama ndogo na lingetoa maarifa ambayo ukumbi wa mjini hauwezi kuyatoa.

5.4 Jina

Suala zito zaidi ni jina. Mkeka huchakaa. Hukaliwa, hulowa, hukatika pindo, na mwisho hutupwa au huwekwa chini ya godoro. Picha ya hadibodi ya mwaka 1970 bado ipo na saini yake. Mkeka wa mwaka huo huo, uliosukwa kwa ajili ya matumizi, hauwezi kutarajiwa kuwepo. Iliyosalimika ni ile michache iliyochukuliwa na wasafiri na watafiti, na katika makumbusho vitu vya aina hii mara nyingi huandikwa jina la kitu na pwani kilikotoka, bila ya jina la mkono uliokitengeneza. Kwa hiyo, kila msukaji mzee anapofariki hupotea mambo matatu kwa pamoja: kazi zake, majina ya nakshi alizozijua, na jina lake mwenyewe.

Hapa pia inahitajika tahadhari. Si kila msukaji hutaka jina lake litangazwe. Katika jamii yenye kuithamini stara, mwanamke anaweza kutaka kazi yake isifiwe bila ya jina lake kuzungushwa kwa watu asiowajua. Kuliandika jina bila ya idhini kunaweza kuwa dhuluma sawa na kulifuta. Lakini kunyamaza kwa hiari ya msukaji ni jambo moja, na kunyamazishwa na karani aliyeandika idadi tu ni jambo jingine. Mtafiti anayeshindwa kutenganisha hali hizi mbili huishia kuuita uzembe wa taasisi kuwa ni heshima kwa mila.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya maonyesho ya sanaa nchini Tanzania, kwa kuufuata ukumbi, imeacha nje aina ya onyesho ambayo ni ya zamani zaidi na iliyo karibu zaidi na watu wanaotengeneza kazi zenyewe. Mfano wa Tingatinga unathibitisha kwamba kazi ndogo iliyoonyeshwa mahali duni inaweza kuingia katika historia endapo ina jina. Mfano wa fundi wa chombo unathibitisha kwamba hata kazi isiyo na saini inaweza kulibeba jina la aliyeiunda. Mkeka wa Mafia una mtengenezaji anayejulikana, una vigezo vya uhakiki, na una hadhira. Kinachokosekana ni kumbukumbu.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. La kwanza, iandaliwe katalogi ya Kiswahili ya kazi za ukindu za Mafia, itakayoandika kwa kila kazi kijiji, jina la nakshi kama linavyotamkwa na msukaji, upana wa ukili, idadi ya kili, mwaka, na jina la msukaji kwa idhini yake. La pili, maonyesho yafanyike kwanza kisiwani, mbele ya wasukaji, kabla ya kazi kupelekwa Dar es Salaam, ili uhakiki wa ndani utangulie na usindikize kazi kokote itakakokwenda. La tatu, mkeka mkubwa uagizwe na kulipwa kwa kuzingatia muda uliotumika, kwa kuwa ujuzi wa kuupanga hauwezi kuhifadhiwa kwa kuununua mdogo.

Kati ya mapendekezo haya, la kwanza ndilo lisiloweza kusubiri. Kumbi zinaweza kujengwa mwaka wowote ambao fedha zitapatikana. Waliojifunza kusuka kabla ya mikeka ya plastiki kuenea hawana muda wa namna hiyo, na wanayoyajua hayajaandikwa popote ila mikononi mwao.